Mbwa wa Wolobheto

Mjini, 14 Februari 2000

Kaka Kornelis,

Nakusalimu wewe na wifi Yustina. Mimi mzima, ila vidole vya miguu vinalia kwa viatu vya ofisi.

Nimepata kazi, na safari hii si ya kufundisha. Ile elimu yangu uliyokuwa ukiicheka, ya kwenda kukaa na watu na kuwauliza wanaishije na kwa nini, sasa kuna mtu anaihitaji. Mradi wa kupambana na kichaa cha mbwa umeniajiri kwa miezi sita. Unajua mwenyewe, tangu ugonjwa uingie kisiwani kwetu watu wa ofisi ya mifugo wamekuwa wakipita vijijini kuua mbwa, na kila wanapofika wanakuta mbwa hawapo. Wakiondoka tu, wanabweka tena.

Mkuu wangu anaitwa Daktari Paskalis, daktari wa mifugo. Si mtu mbaya, ila ana haraka. Siku ya kwanza aliniambia, "Bi Eme, watu wenu ni wabishi tu. Nitafutie dawa ya ubishi." Nikamjibu kwamba mtu hafichi kitu kisichokuwa na maana kwake, na kazi yangu ni kuijua hiyo maana kabla mtu mwingine hajainua rungu.

Basi naanzia nyumbani. Niambie ukweli, kaka: mbwa wa Wolobheto wako wapi, na kwa nini? Sitataja jina la mtu wala la kijiji. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Emerensiana Wea

*

Wolobheto, 27 Februari 2000

Eme,

Barua yako ililetwa na dereva wa lori, imekunjwa ndani ya kofia yake, inanuka jasho. Hata hivyo nimeisoma mara mbili.

Unauliza kwa nini? Mjini mmesahau nguruwe pori wanavyokula? Usiku mmoja tu bila mbwa, na shamba lako la mahindi linabaki kama limepitiwa na gwaride. Mchana nyani. Sasa huyo daktari wako akimuua mbwa wangu Moro, atakuja yeye kukaa shambani kwangu kubweka? Mwambie malazi yapo, chakula ni mahindi na maharage.

Halafu kuna sherehe za nyumba. Mgeni mkubwa akija, na nyama ya mbwa haipo, utampa nini? Na kuna huzuni, ambayo sijui kama kwenye vitabu vyenu imo. Mwaka jana kule bondeni mama mmoja alilazimishwa kumshikilia mbwa wake mwenyewe apigwe. Habari hiyo ilipanda mlima haraka kuliko lori lolote.

Sasa nakuambia wewe, mdogo wangu, si ofisi yako. Ukishuka mwisho wa barabara, fuata mto kwa mwendo wa saa moja na nusu, utakuta vibanda vya zamani vya kukaushia kahawa. Wako pale, arobaini kasoro. Tunapeana zamu za kuwalisha. Watoto wa mbwa tunawapeleka kwa wakwe, vijiji vingine, kwa malori. Jirani yangu Domi Keo ndiye aliyepanga zamu, na anajisifu kana kwamba ni jenerali.

Yustina anasema ule vizuri, ulikonda wakati wa Krismasi.

Kaka yako,
Kornelis Lado

*

Mjini, 20 Machi 2000

Kaka,

Nimemaliza ripoti. Nimeandika kuhusu nguruwe pori, sherehe na yule mama wa bondeni. Nimeandika wazi kwamba kuua mbwa kunausambaza ugonjwa, kwa sababu watu wanawahamisha kwa malori kwenda kwa wakwe. Nimependekeza mbwa wachanjwe na waachwe kwa wenyewe.

Daktari Paskalis aliisoma yote mbele yangu, huku akipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Alipofika penye vibanda akaniuliza, "Hapa ni kijiji gani?" Nikamwambia hilo haliandikwi. Akacheka, akasema, "Sawa, sawa, heshima ya kazi." Akanisifu mbele ya wote kwamba kwa mara ya kwanza anaelewa.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilijisikia kwamba nilichosoma kinamfaa mtu.

Eme

*

Wolobheto, 9 Aprili 2000

Emerensiana,

Walikuja Alhamisi, watu kumi na wawili. Hawakupita kijijini kabisa. Walishuka mwisho wa barabara wakafuata mto moja kwa moja.

Mbwa thelathini na wanane. Wengine kwa nyama yenye sumu, wengine kwa marungu. Sisi tulisikia kutoka mashambani, tukakimbia. Tulipofika kazi ilikuwa imekwisha na walikuwa wananawa mikono mtoni.

Domi alimkaba mmoja wao. "Nani kawaonyesha?" Yule mtu akatoa karatasi mfukoni akaisoma kwa sauti, kama anajitetea mbele ya hakimu: "Vibanda vya zamani vya kahawa, kando ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mwisho wa barabara." Hakukuwa na jina la kijiji. Kweli, uliahidi. Lakini kuna mto mmoja tu unaokutana na mwisho wa barabara na una vibanda vya kahawa.

Watu wote walinigeukia. Hakuna aliyenipigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Domi peke yake ndiye aliyesema, "Dada yako amesoma, bwana. Amesoma mpaka ametusoma sisi."

Jana usiku nguruwe waliingia mashamba manne.

Usije huku. Na usiniandikie.

Kornelis

*

Mjini, 13 Aprili 2000

Kaka yangu,

Najua umenikataza. Soma mistari hii tu, kisha uichome.

Niliingia ofisini kwa Daktari Paskalis bila kubisha hodi. Nikamwambia, "Nilikupa siri ya watu ili uwaelewe, ukaifanya ramani!" Akasema, "Mimi sikukuomba siri, Bi Eme. Wewe ndiye uliyeiandika. Wilaya nzima ina watu waliokufa kwa ugonjwa huu, wakiogopa maji. Ulitaka nisome halafu nikae?" Ni kweli. Ni mimi niliyeandika. Niliuona mwendo wa saa moja na nusu kuwa maneno mazuri tu, yanayoifanya ripoti iwe hai. Niliyapenda. Sikuyafikiria.

Sitajitetea zaidi ya hapo.

Eme

*

Mjini, 4 Mei 2000

Kaka,

Ile ya kwanza imerudi haijafunguliwa. Dereva ameona aibu kunitazama. Naituma tena pamoja na hii, maana sijui kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Kuna jambo linanitia hofu. Daftari la walioumwa na mbwa, vijiji kumi na viwili vya mlimani: Februari watu tisa, Machi saba. Aprili hakuna hata mmoja. Ofisini wanafurahi na kupongezana. Mimi sifurahi. Yupo mtu aliyeumwa huko? Niambie hata kwa neno moja.

Eme

*

Wolobheto, 21 Mei 2000

Wifi Eme,

Ni mimi Yustina. Kornelis hajui kama naandika. Nampa barua hii mke wa dereva, si dereva.

Kornelis ameumwa. Ni siku ya kumi na moja leo. Moro hakuwa kule mtoni siku ile, Kornelis alikuwa amemficha chini ya sakafu ya nyumba. Walibaki mbwa tisa kijiji kizima, na Moro alikuwa mmojawapo. Tarehe kumi Moro alibadilika. Alikuwa anatafuna nguzo ya nyumba, mate yanamtoka. Kornelis alimkamata amfunge, akamng'ata shavu la mguu wa kushoto. Domi akaja kusaidia, naye akang'atwa vidole, viwili, mpaka mfupa. Siku ya pili Moro akafa. Walimzika wenyewe na wakaapishana kunyamaza.

Niliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kama tulivyofundishwa kanisani. Nikamwambia, twende zahanati. Akanijibu, "Nikienda wataandika jina. Wakiandika jina, kesho kutwa wako hapa na marungu kwa wale wanane. Nimeshawagharimu watu hawa thelathini na wanane, Yustina. Nisiwagharimu tena."

Analala, anakula, anakunywa maji. Kila anapoinua kikombe namtazama koo. Naye anajua ninamtazama.

Si wao wawili tu. Nasikia wengine wameumwa tangu Aprili, na mbwa wa kuja wanaopita tu. Hakuna anayesema.

Niambie nifanye nini bila jina lake kuandikwa.

Wifi yako,
Yustina Bupu

*

Mjini, 23 Mei 2000

Wifi Yustina,

Bado hatujachelewa. Shika hilo kwanza. Mguu uko mbali na kichwa, na ugonjwa huu hutambaa. Domi ndiye ninayemhofia zaidi, vidole vina mishipa mingi ya fahamu. Wote wawili wachomwe sindano wiki hii hii.

Sasa nikueleze nilichofanya, ili safari hii mjue kila kitu kabla hakijafika mlangoni.

Chanjo haitoki bila jina kwenye daftari, na nakala ya daftari huenda ofisi ya mifugo, na ofisi ya mifugo hutuma watu. Ndivyo mtego ulivyoundwa. Nilimwambia Daktari Paskalis, "Huoni? Ile sufuri ya Aprili si afya. Ni watu waliofunga midomo. Ulichowafundisha ni kwamba kuomba dawa ni kumuua mbwa wa jirani."

Akasema, "Kuna mtu ameumwa. Unamjua."

Nikalifunga daftari.

"Ni kijiji gani, Bi Eme?"

Nikamwambia, "Ukisaini kwamba majina yatabaki zahanati, nitakuambia. Usiposaini nitaacha kazi leo, na utakisikia kijiji hicho siku kitakapozika."

Alizunguka meza mara sijui ngapi. Mwishowe alisaini. Karatasi yenyewe hii hapa, yenye mhuri: kwa Wolobheto pekee, kwa miezi miwili, majina ya walioumwa yatabaki kwenye kitabu cha zahanati, hayatakwenda mifugo. Mbwa waliobaki watachanjwa, na wenye mbwa ndio watakaowashika. Lakini kaongeza mstari wa chini kwa mkono wake, na sikuweza kuufuta: mtu mmoja akifa kwa kichaa cha mbwa hapo kijijini, makubaliano yamevunjika na timu itakuja.

Ijumaa Sista Adelgonda, muuguzi, atapanda na sanduku la barafu. Mimi sitakuja. Wakiniona watajificha, na wana haki. Lazima mtu wa hapo hapo atangulie kuonyesha jeraha lake.

Mwonyeshe Kornelis barua hii. Akasirike, lakini aisome.

Eme

*

Wolobheto, 28 Mei 2000

Emerensiana,

Nilimkasirikia Yustina siku nzima, na jioni nikala chakula chake.

Sista alikaa uwanjani tangu asubuhi na sanduku lake, anasali rozari. Hakuna aliyetoka. Watu wanachungulia tu. Saa sita nikaona barafu yake inavuja maji ardhini. Nikatoka. Nikaisoma ile karatasi yenye mhuri kwa sauti, pamoja na ule mstari wa chini, maana sikutaka mtu aje kuniambia baadaye kwamba niliuficha. Kisha nikakunja suruali.

Bibi mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unachechemea ukisema ni mwiba!" Watu wakacheka kidogo. Nikachomwa. Akaja mwingine, akafungua kanga begani. Mwingine mkononi. Tulikuwa saba mpaka jua linazama. Saba! Wote tulikuwa tumekaa na hofu hiyo, kila mtu kwake, tukisalimiana kisimani.

Domi alikataa. Nilimfuata mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Mwenzangu, vidole vyako ni vibaya kuliko mguu wangu." Akaniambia, "Vidole vyangu vimepona, tazama. Karatasi ya kwanza ya dada yako iliua mbwa wangu watano. Hii ya pili itaua nini?" Akabeba panga akaenda shambani. Mke wake Bernadeta alibaki mlangoni.

Sindano ya pili ni Ijumaa ijayo. Nitajaribu tena kumsihi.

Usidhani nimekusamehe. Nimechomwa sindano tu.

Kornelis

*

Wolobheto, 16 Juni 2000

Eme,

Domi amefariki juzi, Jumatano.

Ilianza na mkono kuwasha, ule ule. Kisha hakulala siku tatu. Jumatatu Bernadeta alimpa maji akayatupa, akaruka ukutani kama amemwagiwa moto. Tulimshikilia watu wanne, naye akitoka kwenye ile hali alikuwa na akili zake timamu, akituomba radhi kwa kututemea mate. Alinitazama akasema, "Kornelis, ningekuja ile Ijumaa." Basi, hilo tu. Sitaandika mengine.

Jana, tumerudi kutoka makaburini, wazee walinijia nyumbani. Wanasema niandike kwako kwamba ni malaria. Malaria kali, imepanda kichwani. Sista alikuwa hayupo, hakuna daktari aliyeona. Ukiwaambia malaria, makubaliano yanabaki, mbwa wanane wanabaki. Ukiwaambia kweli, ule mstari wa chini unatuleta tena kwenye marungu.

Nimekaa na kalamu tangu alfajiri. Sijui ninamwandikia nani. Dada yangu, au ofisi ya dada yangu? Bado sijui kama ninyi ni wawili au mmoja.

Nimekuandikia ukweli. Sasa uko nao wewe. Na nikuambie wazi, naogopa.

Kornelis

*

Mjini, 19 Juni 2000

Kaka,

Barua yako iko ndani ya nguo yangu. Hakuna aliyeiona.

Ningeweza kuandika malaria. Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi nikalitazama. Lakini Bernadeta alimshika mume wake, alimfuta mate. Wewe na wale wengine watatu mlimshikilia. Wewe una sindano, wao je? Kama ni malaria, hawapati kitu. Kama kuna mwenye kidonda mkononi, tutazika tena, na safari hiyo tutakuwa tumemzika sisi.

Mwezi Februari ningekwenda moja kwa moja kwa Daktari Paskalis, nikijiona mwerevu. Leo siendi. Ukweli huu ni wenu. Keti na watu, waambie nilivyokuambia, na kwanza kabisa mwulize Bernadeta. Mkisema hapana, nitanyamaza, na nitatafuta njia nyingine ya kupata sindano hizo, hata kwa kudanganya kwamba nimeumwa mimi. Mkisema ndiyo, nitaingia ofisini na kupigana kwa meno.

Dereva nimemwomba akusubiri. Lakini msichelewe, siku za Bernadeta zinahesabika.

Dada yako, si ofisi,
Eme

*

Wolobheto, 21 Juni 2000

Eme,

Tulikutana nyumbani kwa marehemu. Niliisoma barua yako. Kelele zilikuwa nyingi. Mmoja akasema, "Anatuuliza sasa? Angetuuliza ile mara ya kwanza!" Mwingine akasema tuwachinje wale wanane wenyewe, yaishe. Mzee wa kanisa akasema tena malaria.

Bernadeta alikuwa amekaa chini karibu na godoro lililoviringishwa. Akasimama. Unamjua, hasemi mbele za watu. Akasema, "Mume wangu amekufa akikiogopa kikombe cha maji. Nyote mlimwona. Mnataka nikae miaka yote iliyobaki nikisema malaria?" Kisha akanielekea mimi. "Andika. Andika jina lake lote. Dominikus Keo. Na mimi niandike chini yake, nichomwe."

Hakuna aliyebisha baada ya hapo.

Tumetengeneza orodha ya mbwa wanane, jina la mbwa na la mwenyewe, kila mtu katia sahihi au dole gumba. Hatuwafichi. Mwambie daktari wako wako wapi: wako majumbani kwao. Akitaka kuleta marungu aje, lakini wewe utembee mbele. Hilo ndilo sharti letu. Watu wanataka kukuona uso.

Kornelis

*

Mjini, 23 Juni 2000

Kaka,

Nilimpa Daktari Paskalis jina la Domi na orodha mkononi. Alianza kwa jina la Domi. Akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia arobaini na moja. Akasoma dole gumba moja moja mpaka chini, kisha akaenda dirishani akanipa mgongo.

Nikamwambia, "Watu wamekuletea kifo chao wenyewe, wakijua ule mstari wako. Hakuna kijiji kingine kilichowahi kufanya hivyo. Ukiwajibu kwa marungu, hutasikia tena ukweli kutoka mlima ule maisha yako yote."

Halafu akasema, "Chanjo za mbwa nitakazopata ni mia mbili tu. Hao wanane wataanza. Nyingine vijiji vya jirani, kama watakubali." Na akasema anakuja mwenyewe.

Sijui atasimamaje mbele yenu. Sijui hata mimi nitasimamaje. Jumatatu tutashuka mwisho wa barabara. Nitatembea mbele.

Eme

*

Wolobheto, 2 Julai 2000

Mdogo wangu,

Uliondoka Jumatatu bila kula, Yustina amekasirika hadi leo.

Bernadeta na wale watatu wako salama, Sista amepita tena leo kwa ajili ya sindano yao ya pili. Mbwa wanane hawajafa, isipokuwa mmoja amevimba pale alipochomwa na mwenyewe analalamika kama ni yeye. Leo wamekuja watu wawili kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Walianza kwa kuuliza bei ya kahawa, wakazunguka, wakazunguka, mwishowe mmoja akasema, "Ile karatasi yenu, tukiitaka sisi tunamwambia nani?" Nikawapa jina lako.

Uliniuliza pale njiani kama yamekwisha kati yetu. Nilikaa kimya kwa sababu daktari alikuwa anasikiliza. Jibu ni kwamba hayajakwisha. Ulivyosimama uwanjani, watu wakikuambia uso kwa uso, mama mmoja akikutajia mbwa wake waliouawa mmoja mmoja, sikuona ukijitetea. Nililiona hilo. Wengine pia waliliona. Lakini bado wapo ambao hawakutoka ndani siku ile, na hao wana ya kwao ya kukuambia.

Basi njoo Agosti, tutakuwa tunavuna kahawa na mikono haitoshi. Ukae wiki mbili. Utachuma na watu, na watakuzungumzia wale thelathini na wanane. Wasikilize, Eme. Wala usiandike kitu.

Kaka yako,
Kornelis